Daftari la Zahanati na Lugha Yake: Maoni Kuhusu Taarifa za Afya Kibaha na Kisarawe

Mjadala kuhusu mifumo ya taarifa katika huduma za afya za umma nchini Tanzania umeachwa kwa muda mrefu mikononi mwa madaktari, wanatakwimu na, katika miaka ya karibuni, wataalamu wa kompyuta. Wanaisimu wamekaa pembeni kana kwamba jambo lenyewe haliwahusu. Ukimya huo hauna msingi. Kabla taarifa ya afya haijawa tarakimu katika jedwali la wizara, huwa ni maneno: mama anayesema mtoto ana homa, muuguzi anayeandika neno moja katika safu ya daftari, mratibu wa wilaya anayelihesabu neno hilo pamoja na mengine yaliyofanana nalo, au aliyodhani yamefanana nalo. Kosa linalotendeka katika hatua ya maneno halisahihishwi baadaye na mashine yoyote. Huhesabiwa tu kwa haraka zaidi.

Wilaya za Kibaha na Kisarawe zinafaa kuutazamia mfumo huu kwa sababu zinakaribiana sana kijiografia na kutofautiana sana kihali. Zote mbili ni za Mkoa wa Pwani, zote zinapakana na Dar es Salaam, na zote zinajaza madaftari yale yale ya Serikali. Lakini Kibaha imekaa juu ya barabara kuu ya Morogoro. Huko ndiko kulikojengwa, kutokana na mkataba wa mwaka 1963 baina ya Tanganyika na nchi za Nordiki, kituo kilichokuja kuwa Shirika la Elimu Kibaha, na huko ndiko iliko Tumbi, hospitali ya rufaa ya mkoa, ambayo majeruhi wa ajali za barabara hiyo wanaifahamu kwa uchungu. Kisarawe imejificha nyuma ya vilima vya Pugu. Makao yake makuu hayako mbali na uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, lakini kata zake za ndani, kama vile Mzenga, Vikumburu na Mafizi, zina maisha mengine kabisa, na masika yanapokaza barabara za udongo hukatika. Mfumo wa taarifa unaofanya kazi Tumbi hauna budi kufanya kazi Mafizi pia, la sivyo haustahili kuitwa wa umma.

Jina na vitabu

Mfumo wenyewe unaitwa MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Ulienezwa nchini kote katika miaka ya 1990. Kabla yake kila mpango ulikuwa na fomu zake: chanjo walikuwa na zao, kifua kikuu na ukoma zao, afya ya mama na mtoto zao, na mtumishi mmoja wa zahanati ndiye aliyewaandikia wote. MTUHA uliyakusanya hayo katika seti moja ya vitabu vyenye namba, na, jambo ambalo halijathaminiwa inavyopasa, ukaviandika vitabu hivyo kwa Kiswahili.

Uamuzi huo haukuwa mdogo. Katika miaka ile ile Kiingereza kilikuwa lugha ya sera, ya miradi ya wafadhili, ya mafunzo ya tiba na ya takriban kila waraka uliohusu mageuzi ya sekta ya afya. Hata hivyo daftari la zahanati lilipata safu zenye vichwa vya Kiswahili: tarehe, jina, umri, jinsi, mahali anapoishi, hudhurio la kwanza mwaka huu au marudio. Jina la mfumo nalo liliundwa kwa Kiswahili na likashinda lile la Kiingereza katika matumizi ya kila siku. Ni wachache wanaosikika zahanati wakikitumia kifupisho cha Kiingereza. Watu hujaza MTUHA, hubeba vitabu vya MTUHA, na humsubiri mtu wa MTUHA kutoka wilayani. Katika historia ya istilahi za afya ni UKIMWI pekee unaoweza kudai ushindi mkubwa zaidi wa kifupisho cha Kiswahili, na huo ulisukumwa na hofu ya taifa zima. MTUHA ulishinda kimyakimya, kwa kuwa mezani kila siku.

Namba za vitabu nazo zimekuwa majina. Muuguzi akitaja kitabu cha tano anamaanisha wagonjwa wa nje. Cha sita ni wajawazito, cha saba watoto, cha nane uzazi wa mpango, cha kumi na mbili waliojifungua. Cha nne ni leja ya dawa na vifaa. Yeyote anayetaka kuona jinsi Kiswahili kinavyozalisha msamiati wa kazi bila ya kamati wala mkutano wa usanifishaji, na asikilize wauguzi wawili wakikabidhiana zamu.

Homa katika safu ya maradhi

Tatizo linaanza katika safu moja tu, ile ya ugonjwa uliogunduliwa. Vichwa vya safu ni Kiswahili, mgonjwa amesema Kiswahili, lakini mganga wa zahanati amefunzwa majina ya maradhi kwa Kiingereza, naye huyaandika kwa Kiingereza, aghalabu kwa vifupisho. Kwa hiyo mstari mmoja wa daftari hubeba lugha mbili, na baina yake pana tafsiri ambayo haikuandikwa popote. Mama alisema nini? Daftari halisemi. Linahifadhi hukumu, halihifadhi ushahidi.

Neno homa ni mfano ulio bora kuliko yote. Katika Kiswahili cha Pwani homa ni joto la mwili, ni uchovu, ni maumivu ya viungo, ni ugonjwa kwa jumla. Na vilevile, kwa mazoea ya miongo mingi ya elimu ya afya, ni malaria. Katika zama ambazo zahanati nyingi hazikuwa na hadubini, kila homa iliyofika dirishani iliandikwa malaria, ikatibiwa kama malaria, ikahesabiwa malaria. Hapakuwa na uzembe katika hilo. Mwongozo wenyewe wa tiba ulielekeza hivyo, kwa sababu kumkosea mtoto mwenye malaria kulikuwa hatari zaidi kuliko kumpa dawa asiye nayo. Lakini tarakimu zilizotokana na utaratibu huo zilisomwa juu kana kwamba ni hesabu ya vimelea, ilhali zilikuwa hesabu ya neno.

Kibaha yenyewe ilitoa ushahidi. Mwaka 2006 wahudumu wa afya wa jamii 22 wa vijiji vya wilaya hiyo walishiriki katika utafiti ambamo kwa wiki kadhaa walitibu homa kwa kutazama dalili tu, na kwa wiki nyingine wakatumia pia kipimo cha haraka cha tone la damu. Katika wiki za dalili pekee karibu wagonjwa wote walipewa dawa mseto ya malaria. Katika wiki za kipimo waliopewa walikuwa kiasi cha nusu. Watu walikuwa wale wale wa vijiji vile vile, na mbu hawakubadilika. Kilichobadilika ni njia ya kulifikia jina. Vipimo hivyo viliposambazwa nchini kwa awamu katika miaka iliyofuata, idadi ya malaria katika madaftari ilikuwa lazima ishuke hata pale ambapo ugonjwa wenyewe haukupungua. Kweli malaria ilipungua pia, kwa vyandarua vyenye dawa na kwa tiba mpya iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 2001, ambayo nayo ilikuwa imechukua nafasi ya klorokwini. Lakini msomaji wa jedwali asiyejua lini kituo fulani kilianza kupima hawezi kutenga sehemu ya mbu na sehemu ya neno.

Upande wa pili wa jambo hili ni mzito zaidi. Utafiti uliofanyika wilayani Bagamoyo, jirani ya Kibaha, na kuchapishwa mwaka 1996, ulionyesha kwamba wazazi wengi walitofautisha kabisa baina ya homa ya malaria na degedege. Ya kwanza waliiona ni ugonjwa wa kawaida wa hospitali. Ya pili, ile ya mtoto kukakamaa na kupinduka macho, ilihusishwa na shetani mwenye umbo la mdudu au ndege, na pa kwanza pa kuipeleka palikuwa kwa mganga wa kienyeji. Kwa daktari hizo ni hatua mbili za ugonjwa mmoja. Mara nyingi degedege ni malaria iliyopanda kichwani. Mabango yaliyosema malaria inaua hayakumfikia mama aliyejua kwamba malaria haiui, kinachoua ni degedege. Na daftari la zahanati halikuwa na mahali pa kuliandika neno lake. Mtoto huyo ama hakufika, akafa bila ya kuwamo katika kitabu chochote, ama alifika amechelewa na kuandikwa kwa jina ambalo mama yake hakulitamka.

Hapa ndipo penye uhai wa watu. Taarifa zinazokusanywa vituoni haziwezi kuwahesabu wasiofika. Wilayani Rufiji, katika mkoa huo huo wa Pwani, ufuatiliaji wa kaya kwa kaya ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1990 ulizunguka nyumba hadi nyumba na kuwauliza wafiwa, kwa Kiswahili na kwa maneno yao, marehemu aliugua vipi. Ilionekana wazi kwamba sehemu kubwa ya vifo ilitokea nyumbani. Viongozi wa afya wa Rufiji na wa Morogoro Vijijini, waliokuwa katika mradi ule ule, walipopata picha hiyo walihamisha sehemu ya bajeti kuelekea maradhi yaliyokuwa yakiua hasa, na vifo vya watoto vilishuka. Hakuna sababu ya kudhani kwamba Kisarawe, ambayo ni mwendo mfupi tu kutoka Rufiji, ilikuwa na vifo vya namna nyingine. Ilikosa tu wa kuuliza.

Safari ya tarakimu

Kutoka safuni, taarifa husafiri. Mwisho wa mwezi mtumishi hukaa na karatasi za kuhesabia, akafuta sifuri moja kwa kila mgonjwa wa aina fulani na umri fulani, akajumlisha, akajaza fomu ya mwezi, na fomu ikapelekwa wilayani. Katika zahanati yenye watumishi wawili kazi hiyo huanza baada ya wagonjwa kwisha, kwa hiyo huanza jioni. Yule anayehesabu ndiye aliyezalisha mama asubuhi, ndiye aliyechoma chanjo, na ndiye atakayeamshwa usiku. Wanaolalamikia ubovu wa takwimu kutoka vijijini wangefaa kwanza kuhesabu madaftari yaliyoko mezani, kisha wahesabu mikono inayoyajaza.

Fomu ikishafika wilayani huingizwa katika kompyuta. Tangu mwaka 2013, ambapo mfumo wa DHIS2 ulikuwa umeenea mikoa yote ya Tanzania Bara, afisa aliyeko Kibaha, aliyeko Dodoma na aliyeko ng'ambo wanaweza kuisoma tarakimu ile ile siku ile ile. Mfumo huo asili yake ni Afrika Kusini baada ya mwaka 1994, ukaendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na wahadhiri na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameshiriki kuulea nchini. Ni chombo kizuri. Anayekumbuka marundo ya fomu yaliyokaa juu ya makabati ya wilaya hadi yakaliwa na mchwa hawezi kuyatamani yarudi.

Ila tarakimu hupanda na haishuki. Zahanati hutuma fomu kumi na mbili kwa mwaka na aghalabu hairudishiwi hata ukurasa mmoja unaosema: hivi ndivyo kijiji chenu kilivyougua. Pale ambapo kitu kinarudi, hurudi katika umbo la grafu yenye maelezo ya Kiingereza, imebanwa katika wasilisho lililotengenezwa kwa ajili ya wageni. Lugha ya mfumo imegawanyika kwa tabaka: Kiswahili ni cha kuandikia, Kiingereza ni cha kusomea. Anayeandika anakuwa kama karani wa barua asiyejua anayeandikiwa wala jibu lililotolewa.

Ubaya wa mgawanyo huo umeongezeka kwa sababu ya mambo mawili yanayoshika fedha na dawa. Zamani dawa za zahanati zilikuja katika masanduku yaliyofungwa tayari, kituo kikubwa na kidogo kikipata yaliyofanana, chini ya mpango wa dawa muhimu ulioanza mwaka 1983. Mwishoni mwa miaka ya 1990 utaratibu ulianza kugeuzwa: kituo kikawa kinaagiza chenyewe kulingana na matumizi yake, nayo Bohari ya Dawa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993, inaleta kilichoagizwa. Toka siku hiyo leja ilikoma kuwa kumbukumbu, ikawa hoja. Mtumishi akiandika pungufu, rafu hubaki tupu. Kisha katika mwaka wa fedha 2017/18 Serikali ilianza kupeleka fedha za mfuko wa pamoja wa afya moja kwa moja kwenye akaunti za vituo badala ya kuzipitisha halmashauri peke yake, na kamati ya kituo, yenye wajumbe kutoka vijijini, ikatakiwa ipitishe mpango wa matumizi. Mkulima wa mihogo wa Maneromango na mama lishe wa Mlandizi wakiwa katika kamati hiyo wanapewa mamlaka ya kuamua kama fedha inunue kitanda cha kujifungulia au mafuta ya pikipiki ya chanjo. Wanaamua kwa taarifa gani? Taarifa za kijiji chao zipo, zimehifadhiwa vizuri, zinasomeka dunia nzima, isipokuwa na wao.

Mipaka inayohama

Jambo moja la kando, ambalo watu wa takwimu wanalijua vyema na wengine hulisahau. Tarakimu ya wagonjwa haina maana bila ya tarakimu ya watu, na katika wilaya hizi mbili hata jina la mahali halijatulia. Kisarawe ya mwaka 1990 ilikuwa na Mkuranga ndani yake. Mwaka 1995 Mkuranga ikawa wilaya. Kibaha iligawanyika ikawa na Halmashauri ya Mji na Halmashauri ya Wilaya. Anayelinganisha Kisarawe ya miaka ya 1980 na ya leo analinganisha vitu viwili vyenye jina moja. Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu Kisarawe watu wapatao 95,600, na ya mwaka 2012 ikahesabu 101,600 hivi, yaani ongezeko dogo kabisa katika miaka kumi. Katika sensa ya mwaka 2022 walizidi 150,000, kwa sababu Dar es Salaam imeanza kumwagikia vilimani. Katika miaka yote iliyo kati ya sensa na sensa chanjo za Kisarawe zilipimwa dhidi ya makadirio. Makadirio yakiwa madogo kuliko watoto waliopo, kituo kinaweza kuonekana kimechanja zaidi ya asilimia mia moja, muujiza ambao kila mratibu wa chanjo amewahi kuutolea maelezo.

Tumbi nayo ina fumbo lake. Majeruhi wa basi lililotoka Mbeya huandikwa Kibaha. Mjamzito wa Kiluvya aliyeona Tumbi ni karibu kuliko hospitali yake huandikwa Kibaha. Mgonjwa wa Kisarawe mjini aliyepanda daladala hadi Dar es Salaam huandikwa huko, na Kisarawe inaonekana ina watu wenye afya njema. Safu ya mahali anapoishi ipo katika daftari na ingeweza kulifumbua fumbo hili, lakini hiyo ndiyo safu inayotupwa kwanza taarifa inapofupishwa kuwa fomu ya mwezi.

Hoja ya Kiingereza

Wanaotetea Kiingereza katika mfumo wa kompyuta wana hoja tatu, nazo zinastahili kujibiwa kwa heshima. Ya kwanza ni kwamba majina ya maradhi ni ya kimataifa na uainishaji wake husimamiwa na Shirika la Afya Duniani. Hilo ni kweli, na ndilo linaloiangusha hoja. Uainishaji huo umewekewa herufi na tarakimu ili kila taifa liambatishe majina ya lugha yake bila ya kuharibu ulinganisho. Wafaransa na Wachina hufanya hivyo na hesabu zao hazikuharibika. Kodi hailindwi na Kiingereza. Inalindwa na kodi.

Ya pili ni kwamba Kiswahili hakina istilahi. Hoja hii ilikuwa na nguvu zamani. TUKI ilitoa Kamusi ya Tiba mwaka 2003, na kabla ya hapo, mwaka 1990, kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Nimonia, surua, kichocho, matende, safura, kifaduro, pepopunda: haya ni majina ambayo mganga na mgonjwa wote wanayajua, na baadhi yake ni ya kale kuliko wizara yenyewe. Upungufu uliopo hauko katika maradhi ya zahanati, ambayo hayazidi dazeni chache. Uko katika maradhi ya hospitali kubwa, na huko hakuna anayedai kwamba kila kitu kibadilishwe kesho. Kinachoshangaza ni kuona fomu ya wagonjwa wa nje yenye kichwa cha Kiswahili, mahudhurio ya Kiswahili, marudio ya Kiswahili, kisha orodha ya maradhi ikageuka ghafla Kiingereza pale pale ambapo mwanakamati wa kijiji angetaka kuanza kusoma.

Ya tatu ndiyo ya kweli zaidi: kwamba mganga amesoma kwa Kiingereza na hataki kufikiri kwa lugha mbili mwishoni mwa siku ndefu. Lakini tayari anafikiri kwa lugha mbili tangu mgonjwa wa kwanza alipofungua kinywa. Swali ni tafsiri ifanyike wapi na ifanywe na nani. Sasa inafanyika kichwani mwake, peke yake, bila ya mwongozo, na kila kichwa kina tafsiri yake; homa ya tumbo ya Soga inaweza kuwa kitu kimoja na homa ya tumbo ya Msimbu kitu kingine. Kompyuta ingeweza kumwondolea mzigo huo kwa kumwonyesha jina la Kiswahili na kodi yake mstari mmoja, akachagua. Kazi ya kuyalinganisha majina ingekuwa imefanywa mara moja, mezani, na watu wenye muda.

Wala isidaiwe kwamba mashine haikubali. Sensa ya mwaka 2022 ilifanywa kwa vishikwambi, watu wa Mafizi na wa Mlandizi wakaulizwa maswali kwa Kiswahili, majibu yakaingia moja kwa moja katika kompyuta, na hakuna aliyesema hesabu imekuwa ya Kiswahili mno. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya utoaji haki. Ikiwa hukumu ya mahakama, ambayo nukta moja inaweza kumfunga mtu, inastahimili Kiswahili, seuze orodha ya kuhara na vikohozi.

Jambo la siri nalo lina sura yake ya lugha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mwananchi haki ya kujua taarifa zake zinatumiwa vipi. Katika kitabu cha sita hali ya maambukizi ya mama imeandikwa karibu na jina lake. Katika kompyuta yapo hayo na zaidi. Mama huyo akitaka kutumia haki aliyopewa, ataulizia safu ambayo haielewi, katika ukurasa ambao hajaonyeshwa, kwa mtumishi ambaye naye amefundishwa vibonyezo kwa kuvikariri. Ridhaa inayotolewa katika hali hiyo ni kuitikia kwa adabu tu.

Linaloweza kuanza

Kinachopendekezwa hakihitaji mradi mkubwa. Orodha ya maradhi katika fomu ya wagonjwa wa nje ipewe majina ya Kiswahili sanifu, kodi ikibaki ilivyo, na chini ya kila jina yaorodheshwe majina ya watu, degedege likiwa la kwanza, ili mganga ajue aliloambiwa liingie wapi. Kazi hiyo si ya wizara pekee. TATAKI na BAKITA wana wataalamu wa istilahi, na waratibu wa MTUHA wa halmashauri wana maneno ambayo hakuna mtafiti wa chuoni aliyeyakusanya. Wakae meza moja, na mkutano huo ufanyikie Kibaha au Kisarawe.

Pili, kila robo mwaka zahanati irudishiwe ukurasa mmoja wa Kiswahili uliotolewa na mfumo wenyewe: waliokuja, walikotoka, walichougua, waliokufa, dawa zilizokwisha na siku zilizokosekana. Programu inaweza kuutengeneza ukurasa huo bila ya mtu kushika kalamu. Ubandikwe ukutani karibu na dirisha la dawa na usomwe katika kamati. Utakuwa na makosa, na watakaoyaona kwanza ni wanakijiji wenyewe, kwa sababu wanajua walimzika nani mwezi uliopita. Mwenyekiti wa kitongoji anayesoma kwamba hapakuwa na kifo cha mtoto mchanga, naye alishika jembe makaburini mara mbili, ni mhakiki wa takwimu ambaye hakuna fungu la mafunzo linaloweza kumnunua. Na pale atakaposimama kusema, kutahitajika safu ya kuandika alichosema. Katika vitabu vilivyopo safu hiyo haimo.

Ugumu utakuwa mwingi zaidi Kisarawe kuliko Kibaha: umeme, mtandao, na zahanati ambazo mtumishi akienda likizo mlango hufungwa. Kwa hiyo majaribio yaanzie upande huo. Tumbi ina makarani. Ukurasa wake unaweza kusubiri. Wa Vikumburu utachapishwa wilayani, utapakiwa katika gari la chanjo pamoja na sindano na mafuta ya taa ya jokofu pale ambapo bado yanatumika, na utafika siku gari litakapofika.